Leyeti Kwenye Kamba ya Uani

Neema, naanza na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyenipandisha presha Jumamosi iliyopita. Mlikuja hapa barazani kwangu Chamazi, wewe na wenzako wa darasa la ushonaji, mkaniamkia vizuri, mkaniletea na maandazi. Halafu ukatoa simu ukanionyesha seti ya nguo za kichanga inayouzwa duka moja la Kawe.

"Bibi Saumu, hebu cheki hii. Inaitwa layette. Ni ishu mpya, watu wa kishua ndo wanazinunuaga kwenye baby shower."

Nikavaa miwani nikatazama. Kigauni kina vifungo vya dhahabu mgongoni. Kofia ina riboni ya kufungwa shingoni. Kifuani wamebandika vijiwe vya kumetameta. Nikakurudishia simu yako, nikaingia ndani, na nyie mkadhani nimekwenda kuchukua chai.

Sikwenda kuchukua chai. Nilikwenda kukaa kitandani hasira ipungue, maana ningebaki pale ningekutukana na kosa siyo lako. Sasa mmeniomba niandike machache ya kazi yangu msome siku ya mahafali yenu. Naandika, ila kama mlitaka maneno ya kuwapaka mafuta mngemwomba mtu mwingine.

Kwanza, hiyo siyo ishu mpya. Neno hilo nimelijua nikiwa binti kama nyie, katika chumba cha kushonea cha hospitali moja ya huku kwetu Temeke, ambayo siitaji. Hospitali za wakati ule zilikuwa na mafundi cherehani wake. Tulishona mapazia, magauni ya wagonjwa na vile vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji. Shuka likichakaa katikati hatukulitupa. Tulilikata urefu wake, zile pande za pembeni ambazo bado ni nzima tukaziunganisha zikawa katikati, na shuka likaishi tena miaka. Siku hizi shuka likitoboka mnalifanya dekio.

Wodi ya wazazi ilikuwa chini ya Sista Perpetua, muuguzi wa Kihaya kutoka Bukoba, mrefu, mwenye viatu vinavyosikika kabla yeye hajatokea. Tukiwa peke yetu tulimwita Sista Pepe. Alifundishwa kazi na masista wa Kiingereza waliokuwa wazee tayari, na Kiingereza chake kilikuwa cha kizee hivyo hivyo. Asubuhi moja aliingia chumbani kwetu akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Saumu, weka mashuka pembeni. Mimi leo nataka layette."

"Ndiyo, Sista," nikasema, kwa sababu Sista Pepe hakuwa mtu wa kujibiwa kitu kingine.

Akaondoka. Nikabaki naitazama cherehani utadhani yenyewe ingenieleza. Mwisho nikajikaza, nikamfuata wodini nikamwambia sijui layette ni nini. Nilitegemea kutukanwa. Yeye akanivalisha aproni, akanisimamisha kwenye pembe ya chumba cha kuzalia na kuniambia nifunge mdomo nitumie macho.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anatoka. Mkunga akamkausha kwa kitambaa kimoja, kikalowa, akakitupa chini. Akamfunika kwa kingine kikavu. Ikafuata fulana, ikafuata winda, yaani nepi ya kitambaa, ikafuata kofia, vikafuata visoksi vya kitambaa, na mwisho shuka dogo la kumviringishia. Hakuna alichokwenda kukitafuta. Vyote vilikuwa mezani vimepangwa, kinachotangulia kutumika kiko juu.

"Umeona?" Sista akaniambia tulipotoka. "Hiyo yote kwa pamoja ndiyo layette. Siyo gauni, siyo kofia. Ni kila anachokihitaji mtoto akitoka, kikiwa tayari kabla hajatoka. Kikija baadaye, hiyo ni zawadi tu."

Akanieleza kwamba Waingereza walilichukua neno kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa wa zamani lilikuwa ni kisanduku tu, cha kuwekea vitu vidogo. Akasema hata Waingereza wenyewe siku hizi wanaliona neno la bibi zao. Mimi nikalipenda. Sisi chumbani kwetu tulisema leyeti, na nitaandika hivyo hivyo, atakayechukia shauri yake.

Sasa hivyo vifungo vya mgongoni, Neema. Leyeti yangu ya kwanza na mimi niliweka vifungo mgongoni, kwa sababu nilitaka mbele papendeze. Sista akaitazama. Akachukua kifungo kwenye kopo langu, akakiweka juu ya benchi, akaniamuru nilale chali, kifungo kiwe chini ya uti wa mgongo. Mafundi wenzangu wakaacha kazi. Nikalala. Akavuta kiti akaanza kunihadithia habari za Bukoba, mvua zao, kahawa zao, ndizi zao na majina yake yote, mimi nipo chali najipinda.

"Sista, kinauma."

"Kinauma? Wewe unaweza kugeuka. Mtoto wa jana anageuka?"

Tangu siku hiyo sijaweka kifungo mgongoni mwa mtoto. Kamba za kufungia ziwe pembeni, fupi, za kitambaa kile kile. Shingoni usiweke kamba wala riboni, hata mteja akilia machozi, kwa sababu kinachofunga kofia ndicho kinachoweza kumkaba mtoto. Na mshono, mabinti zangu, ukae nje. Nguo ya mtu mzima tunaficha mshono ndani ipendeze machoni. Ya kichanga inageuzwa, kwa sababu ngozi yake haijazoea chochote, na yeye hajui kama kuna wanaomtazama. Halafu nguo mpya ifuliwe, isuuzwe, irudiwe tena mpaka wanga wote wa dukani utoke, ianikwe juani. Leyeti isiyofuliwa haijakamilika. Shikeni hapo, kwa sababu kufua huko ndiko kulikonipa kesi.

Ilikuwa hivi. Ulifika wakati hospitali ikasema haina tena kitambaa cha leyeti, kila mama aje na vyake. Sisi tukaachiwa mapazia. Nikaanza kuona mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nakosa raha. Mama anafika uchungu umeshika, mkononi ana kanga moja. Muuguzi wa zamu anamkaripia mbele za watu: "Umekuja na nini? Unazaa paka?" Mtoto anatoka anaviringishwa kanga ile ile iliyolowa. Na wengi wao hawakushindwa kununua. Waliogopa. Wa bara na wa Pwani hapo walikuwa kitu kimoja: mtoto hanunuliwi nguo yumo tumboni, huo ni uchuro, unajiitia balaa. Subirini alie kwanza, ndipo shangazi atumwe sokoni. Sokoni kwenyewe kumefungwa, shangazi mwenyewe yuko Mbagala, mtoto anatetemeka.

Nilikasirikia pande zote mbili, na hasira hiyo sijaiweka chini. Waliowatukana wale wanawake walijua kwa nini wamekuja mikono mitupu, maana na wao wamezaliwa katika nyumba hizo hizo.

Basi nikaanza kushona leyeti nyumbani. Nilikuwa nimepanga Chang'ombe, nyumba yenye ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia. Chumba cha pili kutoka kwangu alikaa Hadija, binti mpole, mimba yake ya kwanza. Mumewe Shabani alikuwa fundi mashine katika karakana ya jirani, na mama yake Shabani, Bi Mwajabu, alikaa nao. Bi Mwajabu alikuwa mwenyeji wa mji huu wa tangu na tangu, mtu wa swala na mtu wa amri. Akikohoa tu, sote uani tunashusha sauti.

Hadija aliona kazi yangu akaniomba, na uani waliniita kwa jina la mwanangu. "Mama Rama, nishonee na mie. Sitaki nije nifokewe kama wale unaowasemaga." Nikamshonea. Nilitumia kitambaa laini kuliko vyote nilivyowahi kukata. Nikafua, nikasuuza, nikaanika uani saa nne asubuhi, jua la Mungu limewaka. Mimi nilikuwa nafikiria wanga tu. Kwamba kamba ile inatazamana na mlango wa Bi Mwajabu halikunijia kabisa.

Akatoka na ndoo yake. Akasimama. Akavitazama vile vifulana kimoja kimoja.

"Nguo za nani hizi?"

"Shikamoo mama. Za mjukuu wako, inshallah."

"Mjukuu yupi? Umemwona wapi?" Ndoo akaitua. "Mbona unatuchuria, Mama Rama? Mtoto hajaja duniani, nguo zake zinapepea! Zitoe."

Nikamweleza. Nikamwambia habari za baridi, za muuguzi wa zamu, za Sista Pepe. Nikapandisha sauti, nikasema hii inaitwa leyeti na kazi yake ni kuwa tayari kabla. Majirani wakatoka milangoni. Bi Mwajabu akasema leyeti ni mambo ya makafiri, akazianua yeye mwenyewe, mbichi, akamtupia Hadija mlangoni.

Mwezi wa mwisho Hadija akavimba miguu. Akavimba uso. Akawa analalamika kichwa kinamgonga, anaona kiza. Alikwenda kliniki, akapanga foleni mchana kutwa, akaambiwa mimba ndivyo zilivyo, arudi nyumbani akanyooshe miguu. Hakuna aliyempima presha. Nasema tena, na mahafalini msome kwa sauti: hakuna aliyempima presha. Siku chache baadaye akaanguka na kifafa cha mimba. Yeye akaokolewa. Mtoto hakulia.

Nilikwenda kuhani chumbani kwao. Wanawake wamekaa mkekani, Hadija amelala upande wa ukutani, hata sura hana. Bi Mwajabu akaniona mlangoni.

"Unataka nini hapa? Wewe ndiye uliyemshonea mjukuu wangu sanda."

Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Hao hao ambao watoto wao niliwashonea sare za shule wakatazama mkeka.

Nilimjibu, na sijutii. Nilimwambia: "Sanda unayo wewe, mama, sandukuni mwako." Sote uani tulijua. Kaka yake alimletea kutoka Makka, imesuuzwa kwa zamzam, na kila mwaka aliitoa akaipa hewa, akaifukiza udi, akaikunja tena. "Unaandaa ya kufia mwaka wa ngapi huu, na hakuna aliyekwambia unajichuria. Mtoto kuandaliwa fulana ya kuishia, ndiyo imekuwa balaa?"

Wakanitoa. Ikawa ndiyo mwisho wa salamu. Nikifika bombani, wanachota haraka wanaondoka. Mjamzito akiniona anavuta kanga kufunika tumbo. Kazi za kushona nyumbani zikakauka. Kilichoniuma siyo kukosa wateja. Kilichoniuma ni kwamba mtu aliyemrudisha Hadija nyumbani na presha yake anaendelea kukaa mezani kwake, anaitwa daktari, na mimi niliyemshonea fulana ndiye muuaji. Nilikuwa nalia bafuni kwa hasira, namwaga maji wasinisikie.

Shabani alinifuata kazini siku moja, ana mfuko wa plastiki kwapani. Mikono imejaa grisi, macho chini.

"Mama Rama, mama kasema nikazichome. Nimeshindwa."

Zilikuwa zile nguo. Nikazipokea, nikaziweka kwenye droo ya meza ya cherehani yangu, nikafunga. Nikaapa sishoni leyeti tena, kila mtu azae atakavyo.

Miaka ikapita miwili, mitatu. Mchana mmoja mlango wa chumba cha kushonea ukafunguliwa, akaingia Hadija. Nilimtazama tumbo kabla ya uso.

"Shikamoo, Mama Rama. Unazo bado?"

Nikafungua droo. Akavitoa kimoja kimoja akaviweka mapajani. Nilimwambia ukweli wangu: "Hadija, mimi kile kiti cha lawama sikikalii tena. Safari hii lolote likitokea watanichoma moto."

"Hutozianika wewe," akasema. "Ntazianika mie."

Nikamwambia sawa, lakini kwa sharti moja. Kila siku ya kliniki nilikwenda naye. Nilisimama mlangoni na futi yangu ya kupimia shingoni, na sikuondoka mpaka nione mkono wake umefungwa mashine ya presha. Walinichukia pale. Wakaniita yule mama mkorofi wa cherehani. Ilipopanda kidogo waliiona mapema, wakampa dawa na kumwambia siku ya kurudi, na siku hiyo alirudi.

Kisha, mwezi wa nane wa mimba, Hadija akazifua zile nguo uani, katikati ya mchana, kila mtu yupo. Akasuuza. Akaanika moja baada ya nyingine kwenye kamba ile ile inayotazamana na mlango wa mkwewe. Hakumwangalia mtu. Mimi nilikuwa dirishani kwangu nachungulia. Bi Mwajabu alikuwa kwenye kibao chake anachambua mchele. Akatazama kamba, akaendelea kuchambua.

Alasiri mvua ikashuka bila salamu, mvua ya matone makubwa. Hadija alikuwa amelala. Nikakurupuka kutafuta ndala zangu, na kabla sijazipata nikamwona Bi Mwajabu amefika kwenye kamba. Kichwa wazi, mkono mmoja umeshika kanga, mwingine unaanua. Alikuwa anazikumbatia kifuani zisilowe. Alipopita dirishani kwangu tukatazamana.

"Zitaloa," akasema, kwa ukali, kama mimi ndiye niliyeileta mvua.

Akaingia nazo chumbani. Nikangoja azirudishe kwa Hadija. Hakuzirudisha.

Siku ya uchungu nilikuwa kazini. Nilisikia kelele za muuguzi kwenye korido, wimbo ule ule: "Nani kaja na Hadija? Vitu vya mtoto viko wapi? Mmekuja na nini?" Nikaacha mkasi nikakimbia. Bi Mwajabu alikuwa amesimama mbele ya yule muuguzi, amekumbatia furushi la kanga mpya.

"Leyeti yake hii," akasema. "Pokea upesi, mtoto asije akapigwa na baridi."

Neno lile alilisikia mara moja tu, siku niliyokuwa nampigia kelele uani. Muuguzi akafungua furushi. Vyote vimepangwa, kinachotangulia kiko juu, na hilo nalo nililipigia kelele siku ile ile. Hapo harufu ya udi ikanipiga puani. Alizifukiza! Nguo za kichanga, ambazo hazitakiwi kunukia chochote, amezifukiza udi kama nguo za Idi. Nilifungua mdomo nimwambie. Ndani mtoto akalia, sauti kubwa ya kudai kitu, na mimi nikaufunga mdomo wangu.

Ni msichana. Sasa ni mtu mzima, anajitegemea, ana kelele kuliko bibi yake.

Bi Mwajabu hakuniomba radhi. Alirudisha salamu, alinitumia futari kila Ramadhani, aliniletea wajawazito mlangoni kwangu, lakini radhi hakuomba mpaka anafariki, na mimi nilikuwa naisubiri. Bado inanichoma. Siku ya msiba wake waosha maiti walifungua sanduku kutoa ile sanda ya Makka. Hadija akaja kunishika mkono nilikokaa na wanawake wengine, akaniwekea kitu kiganjani.

Kilikuwa kisoksi kimoja cha kitambaa, kimekunjwa, kinanukia udi. Aliniambia baadaye kilikutwa juu ya sanda. Nguo zote Bi Mwajabu alizihifadhi humo sandukuni tangu siku ya mvua, na mtoto alipokua, hicho alikirudisha mwenyewe akakiweka mahali pake.

Ninacho hapa mezani ninapoandika. Nimekigeuza nikautazama mshono. Uko nje.

Neema, Jumamosi uje na mkasi na kofia kama ile ya kwenye simu. Hiyo riboni ya shingoni tunaanza nayo.